Homa Niliyoinywa Milimani

Kama wewe ni mtu wa kuambiwa "malaria hiyo" kila unapofungua mdomo, na dozi umemaliza, na bado jioni ikiingia unatetemeka, kaa nikueleze. Siandiki haya kwa sababu nimeshakuwa na roho nyeupe. Hasira ninayo, na sidhani kama itaisha leo au kesho. Ninaandika kwa sababu nilipokuwa ninaumwa nilimtafuta mtu mmoja tu wa kuniambia "hata mimi yalinipata," nikamkosa.

Mimi ni Mbondei wa Muheza. Kazi yangu ilikuwa kutembeza wageni kwa miguu katika Milima ya Usambara. Si kuwapandisha kwa gari wakapige picha wakarudi, la. Kutembea! Kutoka Lushoto, kupita msitu wa Magamba, kushuka bonde, kupanda bonde, siku baada ya siku, mpaka Mtae, ambako mlima unakatika ghafla na chini unaiona nyika ya Mkomazi imelala. Katika kampuni yetu nilikuwa mwanamke peke yangu kwa miaka mingi, mpaka alipokuja binti mmoja wa Kisambaa, Zaina, nikamfundisha kazi. Wanaume walinicheka mwanzoni. Baadaye wao ndio waliokuwa wakinipigia simu niwasaidie, maana nilijua kila mahali pa kufikia na maneno ya kuingilia mlangoni.

Hilo watu wetu wa chini hawalijui. Wanadhani kule juu ni Wasambaa na kabichi zao, basi. Kumbe bonde hili wanakusalimia hivi, ukivuka kilima wanakusalimia vingine. Kuna Wasambaa wenye matuta ya viazi na karoti, wanaojenga nyumba ukingoni kabisa mwa mteremko hata unajiuliza watoto wao hawadondoki vipi. Kuna Wambugu na ng'ombe wao, wana lugha yao ambayo Msambaa wa jirani akiisikia anatikisa kichwa tu. Ukizidi kwenda kaskazini unaanza kuwakuta Wapare. Kijiji hiki kina kanisa la Kilutheri na tarumbeta zake, kinachofuata unapokewa na adhana. Na kila nyumba ina namna yake ya kumpokea mgeni. Mwongozaji asiyeijua, safari ijayo atakuta mlango umefungwa na mbwa wamefunguliwa.

Nyumba iliyonipa ugonjwa ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa ya bibi mmoja wa Kimbugu tuliyemwita Mama Elia. Njia yetu ilipita uani kwake, na hakuna aliyepita bila kuketi. Ukiketi, anakuja na kibuyu cha maziwa, mara mabichi, mara ya mgando, anakumiminia kikombe kinajaa. Kwake maziwa yakishamiminwa hayarudi kibuyuni, wala hayamwagwi. Mgeni akishindwa, anamalizia yule aliyemleta.

Sasa kampuni nayo ilikuwa na amri yake: wageni wasinywe maziwa yasiyochemshwa. Ilikuwa amri ya matumbo ya wageni, ya kwetu hayakutajwa. Basi kabla ya kuingia uani nawaambia wazungu wangu, shikeni kikombe, tabasamuni, msinywe, kisha nipeni mimi. Wananipa. Navimaliza kimoja kimoja mbele ya mwenye nyumba, naye anafurahi, anapiga makofi, "Huyu mwanangu ana tumbo la Kimbugu!" Na mimi kichwa kinavimba. Nilijiona mjanja kweli kweli. Bibi ameheshimiwa, wageni wako salama, njia yangu iko wazi. Mwili wangu mwenyewe haukunijia akilini hata siku moja.

Homa ilianza masika yanaishia. Haikuja kwa kishindo. Asubuhi mzima, nafua, napika, nacheka. Jioni baridi inaingia mifupani, najifunika blanketi Muheza kwenye joto lile, watu wananishangaa. Kisha jasho. Na jasho lenyewe lilikuwa na harufu ya majani mabichi yaliyorundikwa yakaanza kuoza. Naoga, nabadilisha shuka, harufu iko palepale.

Nilikuwa juu homa iliponishika vibaya mara ya kwanza. Zahanati ya huko wakaniambia, "Wewe mtu wa chini, umepanda na malaria yako." Nikashuka nayo Muheza. Duka la dawa wakaniambia, "Hiyo baridi ya milimani, imekuingia kifuani." Yaani wa juu wananirudisha chini, wa chini wananirudisha juu. Nikaenda hospitali, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. "Wakati mwingine wadudu wanajificha," mhudumu akasema, akanitundikia dripu. Wiki chache baadaye ikawa taifodi. Kisha UTI. Kisha taifodi tena, ati ile ya kwanza haikuisha. Nilimeza vidonge mpaka ulimi ukawa hausikii chumvi.

Mabenchi ya hospitali ninayajua kuliko madawati niliyosomea. Unafika alfajiri unakuta wenzako walishafika. Unasogea tako kwa tako, mmoja akiingia ndani mnasogea wote. Ukuta nyuma yako una doa la mafuta ya vichwa vya watu. Televisheni inaonyesha filamu bila sauti. Daktari anakwenda chai, na chai ya daktari si chai ya dakika mbili. Siku moja muuguzi alinikuta kwenye foleni akashika kiuno, "Mama, wewe tena?" Nikamjibu, "Mimi tena, kwani mmeniponya lini?" Benchi zima likacheka. Yule mama aliyekaa kando yangu, simjui mpaka leo, akafungua mfuko akanipa andazi. "Kula, mwenzangu," akasema, "hasira haitaki tumbo tupu." Hisani kama hiyo haisahauliki.

Kipupwe kikaingia, na maumivu yakashuka kwenye nyonga. Nyonga ya kushoto. Mwanzoni ilikuwa kama nimelala vibaya. Halafu nikawa siwezi kuvaa kiatu bila kushika ukuta. Nilipanda na kundi moja nikiwa hivyo hivyo, kwa ubishi wangu, na wageni wakanipita njiani. Wageni! Watu waliokuja na vijiti vyao vya kutembelea, wazee wengine, wananiuliza kama niko sawa. Bosi akanipigia simu, sauti tamu, "Pumzika kwanza, dada, afya ndiyo kila kitu." Makundi yangu akapewa Zaina. Sikumlaumu Zaina. Bosi nilimlaumu, na ninamlaumu mpaka leo, kwa sababu hakunipigia tena.

Tangu siku hiyo, kila daktari niliyekaa mbele yake nilimuuliza swali lilelile: nitapanda tena? Sikuuliza kama nitakufa. Kufa kila mtu atakufa. Mimi nilitaka kujua kama nitatembea tena mpaka Mtae kwa miguu yangu. Kile ndicho nilichokuwa nacho duniani kilicho changu, ambacho sikupewa na mume wala baba.

Mwili ukakauka. Kanga iliyokuwa ikinizunguka mara moja ikawa inanizunguka na kubaki. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Na unajua watu wetu, mtu akikonda hawana maswali, wana majibu tayari. Majirani wakaanza kunisalimia wakiwa mbali. Mume wangu Bakari, fundi pikipiki, mtu wa Tanga mjini, akaniambia kwa adabu zote, "Mama Rehema, hebu ukapime na ile nyingine." Nikapima, sina. Baada ya mwezi akasema, "Hebu urudie." Nikarudia, sina. Mara ya tatu aliposema nikamwambia, "Baba Rehema, twende wote, na wewe utoe kidole." Hakuitaja tena.

Mama yake akaja kutusaidia. Mama mkwe wangu ni mtu wa pwani hasa, milima kwake ni ya kuangalia kwa mbali. Alipoweka mkoba chini tu akaanza. "Nilisema mimi. Milima ina wenyewe. Umepita mahali pa watu na wazungu wako bila kuomba, sasa wanakudai." Akanichemshia mwarobaini, akanifukiza, akataka kuniletea mganga nikakataa. Kisha kikombe changu, sahani yangu na kijiko changu vikahamishiwa kwenye beseni lao peke yao, na mwanangu Rehema akaambiwa asinywee nilipokunywa mimi. Sikuambiwa, niliona. Nikamuuliza, "Mama, na mimi nihamie kwenye beseni?" Akanitolea macho, "Mdomo huo ndio utakaokuua, si homa." Lakini niseme na haki yake: yale mashuka yangu yanayonuka aliyafua yeye, kila asubuhi, kwa mikono yake, na hakuna siku aliyoniambia nimemchosha. Ndiyo maana namchukia nusu nusu.

Mvua za vuli zilipoanza, kaka yangu alinipeleka Tanga mjini kwa daktari mwingine, mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Nikakaa tayari kuambiwa taifodi. Hakushika hata kalamu. Akaniuliza, "Unafanya kazi gani, dada?" Nikamweleza. "Huko milimani unalala wapi? Unakula nini?" Nikamweleza. "Maziwa unakunywa?" Nikacheka, nikamwambia maziwa ndiyo kazi yangu, nawanywea wageni. Yeye hakucheka. Akatuma damu yangu ikapimwe kwa kipimo ambacho sikuwahi kukisikia.

Majibu yalipokuja akaniambia ni brusela, ugonjwa wa ng'ombe, unaopita kwenye maziwa mabichi. Ninakwambia ukweli, nilifurahi. Nilitoka nikakaa kwenye korido nikalia kwa furaha kwamba ugonjwa wangu una jina. Furaha haikufika hata getini. Nikarudi mlangoni kwake nikamuuliza, "Mbona hakuna aliyeniuliza?" Akasema, "Wewe si mfugaji, dada. Wanaoulizwa ni wafugaji." Jibu hilo lilinichoma kuliko sindano zote.

Nyumbani nilimwambia Bakari. Akacheka. "Kumbe maziwa!" akasema, akapiga paja, akacheka mpaka akakaa chini. Najua alicheka kwa kutua mzigo, najua moyo wake ulikuwa umebeba mengine. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pale kwa mguu mmoja, nimeshika mlango, na mtu anacheka. Cheko hilo sijamsamehe.

Dawa nilianza joto la kaskazi linaanza. Sindano kila siku kwanza, zahanati, foleni, inama, mpaka upande mmoja ukafa ganzi tukahamia mwingine. Na vidonge. Kimojawapo kiligeuza mkojo wangu rangi ya juisi ya machungwa, na mimi mtu wa Muheza, kwenye machungwa yenyewe, nikaapa sitakunywa juisi hiyo tena. Jirani mmoja akavitambua vidonge, ni vilevile wanavyopewa wa kifua kikuu, basi nikapewa na ugonjwa huo juu. Wiki za mwanzo ni kichefuchefu. Ngozi inaungua jua likikugusa kidogo. Daktari alisema wiki sita, kisha nyonga ikamfanya aongeze, akaongeza tena. Wewe uliye kwenye dawa hizi, usiache ukipata nafuu. Mimi nilipata nafuu mapema na nikashawishika kuacha. Aliyenizuia ni mama mkwe, alikuwa akisimama mbele yangu na bilauri ya maji mpaka nimeze. Na wewe ambaye hujajua unaumwa nini, wakikwambia malaria mara ya pili na kipimo kinakataa, usiondoke. Waambie wenyewe umekula nini, umekunywa nini, umelala kwa nani. Usingoje waulize, hawaulizi!

Katikati ya dawa nikampigia Mama Elia. Zaina alikuwa amepita kwake na kundi, akampa simu yake. Nilikuwa nimejiandaa. Maneno makali nilikuwa nayo mdomoni, nimeyapanga toka asubuhi. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu, mbona umenitupa?" Nikamwambia ninaumwa, nikaanza kumweleza, homa ya jioni, jasho, nyonga, mgongo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kabisa, "Ah, hiyo. Hiyo mbona ni ya kawaida, mwanangu? Mimi hunijia tangu nikiwa mwari. Inakuja, inaondoka. Ndiyo iliyonipinda mgongo."

Mgongo wa Mama Elia! Miaka mingapi nimesimama uani kwake, nimemwonyesha kwa mkono, nikiwaeleza wageni kwa Kiingereza kwamba wanawake wa huku hupinda migongo kwa kulima miteremko? Wakitikisa vichwa, wakiandika. Nilimwomba aende hospitali, nikamwomba wachemshe maziwa. Hospitali alikubali, na baadaye bintiye akampeleka. La maziwa alinijibu, "Yakichemshwa yanakuwa ya wagonjwa," tukabishana mpaka salio langu likaisha.

Masika mengine yakapita. Rehema akaanza tena kunywea kikombe changu, hakuna aliyemruhusu, alianza tu. Dawa zikaisha. Daktari akapima damu, akaniambia, "Umepona." Nikamuuliza swali langu. Akageuza picha ya nyonga kwenye mwanga, akasema, "Homa imeondoka, lakini hapa imekula. Kutembea utatembea. Kupanda, jaribu tu, mimi siwezi kukuahidi."

Nikajaribu. Kipupwe, njia kavu, hewa safi, hakuna wakati mzuri wa kutembea kama huo. Nikamwomba Zaina anichukue kama msaidizi tu, asimwambie bosi. Wageni walikuwa wanne. Siku ya kwanza, wallahi, nililia nikiwa msituni, mbele yao nikasema ni moshi. Nyonga ilikuwa inauma lakini inanibeba. Watu wa njiani wakanipokea kwa vigelegele, "Umerudi!" Jioni nilikula kama mtu aliyetoka jela. Nikalala nikijua nimewashinda wote, bosi, Bakari, mama yake, na wale wa taifodi.

Siku ya pili tulikuwa tunashuka. Kupanda nilikuwa nimejiandaa, kushuka sikukufikiria. Katikati ya mteremko, mahali ambapo zamani nilipita nikipiga soga, nyonga ikafunga. Haikuuma polepole ikanionya, ilifunga tu. Nikakaa chini. Zaina akaninyanyua, nikakaa tena. Nikajaribu kwa matako, kama mtoto, hatua chache, nikashindwa. Wageni wamesimama, hawajui waangalie wapi.

Simu hazishiki pale. Zaina akasimama juu ya jiwe akaita kuvuka bonde, kama wanavyoitana watu wa huko, na upande wa pili mtu akaitikia. Haukupita muda wanaume wakaja na machela, miti miwili na blanketi lililofungwa. Ndivyo mgonjwa anavyoshushwa mahali pasipo na gari: watu wa kitongoji hiki wanakubeba mpaka mpakani kwao, wanaita, wa kitongoji kinachofuata wanapokea mabegani. Nilikuwa nikiwaeleza wageni jambo hili kwa majivuno, na hawa wanne nilikuwa nimewaeleza jioni iliyotangulia.

Sasa nilikuwa ndani ya blanketi. Machela ikipita huko watu huacha kazi. Wanawake waliweka majembe chini wakasimama kwenye matuta yao. "Onga mshi," wakisalimia, kisha nasikia, "Nani kafa?" Na wabebaji, "Hajafa, ni yule mama wa wazungu." "Yule aliyekuwa anapita mbio mbio?" "Huyo huyo." Kila kijito, mabega mapya, na maelezo yaleyale yanaanza upya. Pole nilizopewa siku ile zingetosha msiba. Mgeni mmoja akaja ubavuni, mtu mpole, akaniuliza kama anaweza kupiga picha ya wanaume wale wakibadilishana machela. Nikamwambia piga. Ningemkatalia vipi, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba huu ni utamaduni mzuri?

Tukafika barabarani, gari likaja kutoka Lushoto. Wale wa mwisho wakanilaza kiti cha nyuma, wakanipa mikono mmoja mmoja, wakarudi mashambani kwao. Zaina akachungulia dirishani, macho mekundu. "Dada, nikusindikize? Wageni watangoja, hawana neno."

"Nenda," nikamwambia. "Wageni wako wana njaa na jua linazama."

Nililisikia neno hilo, "wako," na yeye akalisikia. Alinikamata mkono, akauachia, akageuka akawaita kwa Kiingereza, wakajitwika mabegi yao wakamfuata njia ya juu. Niliwatazama mpaka kichaka kikawaficha. Dereva alikuwa ameshika usukani, akaniuliza, "Mama, tunamngoja nani?"

Nikamwambia hakuna, twende.